Kumwitikia Mtoto wa Mwenzio

Siku mliyopewa vyeti pale ukumbini Kikwajuni mlinicheka, na mimi sijasahau. Nilikaa nyuma pamoja na mama zenu, nimevaa baibui langu la kutokea, nikamsikia mwalimu wenu akisema kwamba kuanzia siku ile nyinyi si wasichana wa kazi tena, nyinyi ni maneni. Tulipotoka nje nikamuuliza Saumu, mwenzenu, mtoto wa kaka yangu ninayekaa naye, "Huyo neni ndiye yaya?" Mkacheka nyote, na mmoja wenu akajishika mbavu.

"Shangazi, yaya ni mambo ya zamani," Saumu akaniambia. "Neni kasomea. Anajua chakula cha mtoto, anajua huduma ya kwanza, anajua michezo ya kumchangamsha akili. Si mtu wa kufua na kukuna nazi."

"Na mtoto akilia?"

"Anambembeleza."

"Basi ndiye yaya," nikasema, na mkacheka tena.

Nilikasirika kidogo, si sana. Lakini swali limenikaa kichwani tangu siku ile. Nyinyi mnaianza kazi na mimi nimeimaliza, na itakuwa aibu niwe nimeifanya umri wangu wote bila ya kujua jina lake. Kwa hiyo nawaandikia. Mwenye haraka aruke anapotaka, ila ajue kwamba kulea hakumtaki mwenye haraka.

Kwanza, sina ugomvi na hilo neni lenu la Kiingereza. Hata hilo yaya si letu la asili. Wazee walituambia limekuja na Wahindi, na Wahindi nao walilipata kwa Wareno, kwa hiyo neno hilo limeshabebwa migongoni mwa watu wengi. Mimi mwenyewe nimeitwa yaya, nikaitwa dada, nikaitwa mtumishi, nikaitwa mlezi. Nyumba moja waliniita hausigeli nami nimeshaota mvi. Kila jina nililipokea, kwa sababu nilitambua mapema kwamba maana haimo ndani ya jina. Ukitaka kujua neno lina maana gani katika nyumba, tazama wakati wa chakula unakaa wapi. Wapo walioniita mama na wakanitengea sahani yangu jikoni. Wapo walioniita mtumishi, na sinia ikiletwa hakuna anayetia mkono mpaka nami nimenawa nikakaa. Nyinyi mtaitwa maneni. Sikilizeni, lakini tazameni na mkeka wa chakula.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuwena, Mungu amrehemu, yaya mkongwe wa nyumba moja ya Mkunazini. Mimi ni mtu wa Mkokotoni. Nilikuja mjini msichana, najua kuchambua dagaa na kusuka ukili wa mikeka, lakini ngazi sikuwa nimewahi kuipanda, maana nyumba zetu zote zilikuwa za chini. Na ngazi za Mji Mkongwe mnazijua: kila kidato na urefu wake, na kiza juu yake. Bi Zuwena hakunipa mtoto. Alinipa tikiti maji. Akanipandisha na kunishusha nalo, naye kakaa juu anachambua mchele.

"Shuka upande upande," akaniambia. "Bega liguse ukuta. Kandambili ziache juu, kanga ikaze kiunoni."

"Na likianguka, Bi Zuwena?"

"Hili likianguka tutalila. Yule mwengine akianguka tutalia."

Mpaka leo nashuka upande upande, hata kwenye ngazi pana za haya majumba yetu ya ghorofa, na watu hudhani nina maradhi ya nyonga. Fanyeni hivyo hivyo. Cheti hakishuki ngazi, anayeshuka ni wewe.

Wakati ule tulikuwa na winda, kitambaa cheupe cha mraba kilichokunjwa na kufungwa kiunoni mwa mtoto. Leo mna nepi za kutupa, nami nazisifu kwa moyo wangu wote. Zingekuja mapema mgongo wangu ungekuwa mzima. Lakini zina hila moja ambayo sijui kama mmefundishwa. Mtoto halowi, kwa hiyo mlezi hamgusi. Winda lilikulazimisha umshike mtoto kila mara, umsemeshe, umpake poda, umtekenye tumbo. Sasa mtoto anaweza kukaa nusu siku kwenye kiti chake, kakauka, na hakuna aliyemtia mkononi. Basi nyinyi mguseni hata akiwa mkavu.

Tena kuhusu kulowa nina kisa. Ijumaa moja, katika nyumba ile ile ya Mkunazini, maalim mmoja wa chuo cha Kurani alipita kumsalimia mwenye nyumba kabla ya sala. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi ikasimama. Akampakata mtoto wetu wa kiume, na mtoto akamkojolea mapajani. Maalim hakushtuka. Akaniuliza kwa utulivu, "Huyu keshaanza kula, au bado ni ziwa tu?" Mnaijua sheria: mtoto wa kiume ambaye hajaonja chakula, pale alipokojoa hunyunyiziwa maji ikatosha. Akishakula, nguo ifuliwe. Nyumba nzima ikanitazama mimi. Mama wa mtoto alikuwa amejisifu kwa wakwe zake kwamba mwanawe hajaguswa na kitu isipokuwa ziwa lake, na asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimemkuta bibi mtu akimlambisha ndizi mbivu kwa kidole.

Nikainama. "Maalim," nikasema, "kanzu bora ikabadilishwe."

Bibi mtu alishikwa na kikohozi cha ghafla. Mama wa mtoto hakusema nami mpaka Jumapili. Lakini Bi Zuwena aliniita jikoni akanimegea kipande cha mkate wa kumimina, na yeye hakuwa mtu wa kumega. "Yaya asiyejua mtoto kala nini na kapakatwa na nani," aliniambia, "huyo ni mpita njia." Nilidhani nimeshaelewa kila kitu, na nikaishi na maneno hayo miaka mingi kwenye nyumba nyingi, mpaka nilipofika kwa Nassir.

Nassir ndiye hasa ninayetaka kuwaeleza. Nyumba yao iko Kiponda. Mama yake, Rahma, alizaliwa humo, akaenda Uingereza kusoma, akaolewa huko huko. Mama yake mzazi alipofariki, akarudi na mtoto kuja kuishi katika nyumba ya wazee, mumewe akabaki nyuma amalize mkataba wake wa kazi. Rahma alipata kazi katika ofisi moja kule Mtoni, na akawa anatafuta mtu. Watu wakamwelekeza kwangu, nami nilikuwa nimeshaanza kusema kwamba nimechoka.

Alinifungulia mlango mwenyewe. "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu."

"Bi Mize, mimi natafuta neni."

"Basi umekosea mlango. Mimi ni yaya."

Akatabasamu kidogo, akanikaribisha ndani. Mtoto alikuwa amekaa chini, ametupa mgongo, anazungusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu na kuutazama unavyozunguka. Mtoto mzuri, kichwa cha mviringo, shingo ya kubusu. Rahma akamwita. "Nassir." Hakugeuka. Akamwita tena, na mara hii sauti yake ilishuka badala ya kupanda, na hilo ndilo lililoniuma. Mama hupandisha sauti pale anapodhani atasikilizwa.

"Kapita miaka miwili, Bi Mize," akaniambia. "Hajanambia hata mama. N'kimwita haji. Watu wote wanan'ambia n'ngoje, na mimi naogopa kungoja."

Nikajua hapo kwamba sikuitiwa kupika uji. Mtoto yule alitakiwa asemeshwe na aseme, na mama yake alikuwa akiyeyuka mbele ya macho yangu. Nikavua baibui nikalitundika nyuma ya mlango.

Kila mtu wa mtaa alikuwa na dawa yake. Wengine walisema lugha mbili zimemchanganya. Wengine walisema ni jicho, na akaletewa kombe, ile sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya mawaridi, akanywa, nami kombe naliamini. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi la wale wanaosema watoto wa kiume huchelewa. Nikampa Rahma mfano wa kijana niliyemlea Malindi, aliyenyamaza mpaka watu wakamhurumia, na leo ni wakili na hakuna wa kumnyamazisha. Rahma alinisikiliza kwa adabu na hakuniamini hata chembe. Sasa nasema alhamdulillahi kwamba hakuniamini.

Kabla sijafika huko, niwaeleze tulivyogombana.

Mkabala na nyumba ile alikaa Bi Ruzuna, mjane, ambaye binti yake wa pekee ameolewa Maskati. Kutwa alikuwa barazani kwake, anakaanga visheti na kuwasemesha wapita njia. Nyinyi mliokulia kwenye majumba ya ghorofa labda mtashangaa, lakini katika mitaa yetu mtoto huazimwa. Nyumba isiyo na mtoto humwazima wa jirani alasiri, akapakatwa, akachezewa, akapikiwa, kisha akarudishwa kwao tumbo limeshiba na kisheti mkononi. Hakuna anayeomba ruhusa kwa maandishi. Husema "niazime huyo," nawe humpa, kama unavyompa kinu au mbuzi ya kukunia nazi, na wewe siku yako ukifika unaazima kwake. Bi Ruzuna aliponiambia, "Mize, niazime huyo mtoto, wewe kaanike nguo zako," nilimpa bila ya kufikiri mara mbili. Nikapanda juu ya dari na beseni langu.

Siku ile Rahma alirudi mapema. Nilisikia sauti yake ikipita chumba hadi chumba. Nikashuka upande upande kwa kasi ambayo Bi Zuwena asingeipenda.

"Yuko wapi mwanangu?"

"Yuko kwa Bi Ruzuna. Kaazimwa."

"Kaazimwa?" Alinitazama kama sijui nimemwambia nini. "Bi Mize, mtoto huazimwa kama kinu?"

Nikataka kumjibu kwamba ndiyo, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliazimwa kila siku na Bi Ruzuna huyo huyo. Lakini alikuwa ameshavuka kichochoro, akamchukua mtoto, akarudi naye, akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi.

"Sikuja kukutukana, Bi Mize," akasema. "Wewe ni mama yangu. Lakini Nassir hasikii akiitwa. Akitoka pale barazani akaingia njiani, baiskeli ikija nyuma yake hageuki. Pikipiki ikipiga honi hageuki. Unaelewa? N'kisema neni, maana yangu ndiyo hiyo. Mtu mmoja. N'kiuliza mwanangu yuko na nani, n'pate jina moja, na huyo mwenye jina awe anamwona."

Alisema kweli. Mtoto anayesikia huazimwa kwa kuwa ana kamba: ukimwita anarudi. Nassir hakuwa na kamba. Mtaa mzima ulikuwa unampenda, na mtaa mzima haukuweza kumrudisha akienda. Neno lile la Kiingereza nililokuwa nalifanyia mzaha nikaliona limebeba hofu ya mama, na hofu hiyo ilikuwa ya haki.

Tukaafikiana pale pale ngazini. Bi Ruzuna akimtaka Nassir, ataniazima na mimi. Kesho yake nikamweleza Bi Ruzuna. Akanuna, kisha akafikiri, kisha akasema, "Haidhuru, na wewe unakula visheti." Tukawa tunaazimwa sote wawili.

Jamaa wa Rahma waliendelea kumwambia asubiri. Shangazi yake mmoja alimwambia kwamba anamtafutia mtoto ugonjwa. Rahma akaweka miadi kwa daktari wa masikio, akaomba ruhusa kazini, tukaenda. Kazi yangu ilikuwa kumshika Nassir kichwa asitikisike, na hapo niwaambie jambo la manufaa: usimkamate mtoto kwa nguvu mbele ya daktari. Mpakate kifuani kwako, shavu lake kwenye titi, mkono wako mmoja kwenye kipaji cha uso, mwengine umkumbatie mikono yake, na upumue taratibu. Mtoto hufuata pumzi ya anayempakata. Daktari aliangalia sikio hili na lile, akampima kwa vyombo vyake, akatwambia kwamba nyuma ya ngoma za masikio kumejaa maji mazito. Anasikia, alisema, lakini kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Kuna dawa, nayo ni upasuaji mdogo wa kuyatoa.

Rahma akalia, na kilio chake kilikuwa nusu furaha. Miezi yote ile alikuwa anaogopa kitu kisicho na jina, na sasa kimepata jina.

Daktari aliniuliza kama nimewahi kumtia mafuta ya moto masikioni. Nikamwambia kwa mtoto huyu bado. Bi Zuwena alinifundisha kutia mafuta, naye alifundishwa na waliomtangulia, kwa nia njema kabisa. Daktari akanieleza kwa nini tusitie, akanieleza kwa upole, na tangu siku ile sitii wala simwachi mtu atie. Nyinyi mmeambiwa hayo darasani mkiwa bado wabichi, na kwa hilo nawaonea kijicho.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la ukumbi mrefu. Mtoto alikuwa ameingizwa ndani, amelazwa usingizi wa dawa. Rahma alikuwa ameikunja kanga ya mtoto mapajani na kuikunjua, akaikunja tena.

"Bi Mize, akiamka n'kamwita na bado hasikii?"

"Atakuona," nikamwambia. "Mpaka leo kakujua kwa macho. Kaa pale atakapofumbulia."

Akaenda akakaa pale. Alipofumbua macho, Nassir alimwona mama yake, akanyoosha mikono. Hatukujua bado kama amesikia kitu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita.

Tulijua tuliporudi nyumbani. Kunguru wa Kiponda, ambao sisi hatuwasikii tena kwa mazoea, walimtia hofu mpaka akajificha chini ya baibui langu. Mfuniko wa sufuria aliouzungusha kila siku ulipoanguka, aliruka, akautazama kwa mashaka kama rafiki aliyemficha siri. Adhana ya adhuhuri ilipoanza alinikimbilia mapajani, halafu akainua uso akaanza kuitafuta ilikotoka, darini, nyuma ya mlango, ndani ya kabati. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Lakini hakusema. Wiki zikapita, anasikia na hasemi. Ukimwita anageuka, anakutazama, basi. Rahma akaanza tena kukonda. Akarudi kwa daktari, na daktari akamwambia kwamba maji yametoka, lakini mtoto amekosa miaka miwili ya maneno ya watu, na maneno hayo hayauzwi dukani. Asemeshwe. Asemeshwe sana, na watu wengi, kutwa.

Asubuhi ya pili yake Rahma alishuka na mtoto kiunoni, kavaa tayari kwenda kazini. Badala ya kunipa mimi, alivuka kichochoro hadi barazani kwa Bi Ruzuna. Mimi nyuma.

"Shikamoo, Bi Ruzuna. Unamtaka Nassir?"

"Marahaba. Namtaka siku zote, mwenyewe unajua."

"Basi mwazime," Rahma akasema. "Ila umsemeshe. Usinyamaze hata kidogo."

"Mimi ninyamaze?" Bi Ruzuna akaniuliza mimi, si yeye, na hata Rahma akacheka. Kisha akanigeukia. "Na wewe Bi Mize usibanduke."

"Sibanduki."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, Rahma na neno lake la mtu mmoja na mimi na mtaa wangu, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Jicho lilikuwa langu. Midomo ilikuwa ya watu wote. Muuza samaki akipita kutoka Darajani na kapu lake alimtajia changu na tasi na pweza. Fundi wa cherehani alimhesabia vifungo. Bi Ruzuna alimweleza habari za Maskati, na mama mkwe wa binti yake, mambo ambayo hata mtu mzima hakupaswa kuyasikia.

Na mimi nilikuwa na kazi moja zaidi, ya kizamani kabisa, ambayo sidhani iko katika masomo yenu. Kwetu jambo la kwanza mtoto kufundishwa ni kuitikia. Akiitwa, mwanamume husema naam, na mwanamke wa zamani husema labeka. Mtoto haambiwi, huitikiwa. Mtu humwita, na mlezi aliye nyuma yake hujibu kwa ajili yake, mpaka mtoto aichukue ile sauti iwe yake. Basi nilimpakata Nassir barazani, mgongo wake kifuani kwangu ili asikie na mtetemeko wa sauti. Bi Ruzuna akiita "Nassir," mimi najibu "Naam." Fundi wa cherehani akiita "Nassir," najibu "Naam." Wavulana wa mtaa walipogundua wakawa wanapita makusudi. "Nassir!" "Naam." Nilijibu nikiwa natafuna, nilijibu nikiwa na sindano mdomoni.

"Mize, umeshakuwa mwanamume," Bi Ruzuna akaniambia. "Bado ndevu."

Nilicheka, lakini kuna siku nilichoka na nikaogopa. Nilijiuliza ikiwa nitaitikia kwa ajili ya mtoto huyu mpaka nife, na baada yangu ataitikia nani. Sikumwambia Rahma. Nikaendelea kusema naam.

Ilikuwa alasiri ya kawaida. Bi Ruzuna alikuwa anaepua visheti, mimi nashona kitufe, Nassir amesimama baina yetu ameshika nguzo ya baraza. Rahma alitokea kwenye kona ya kichochoro, mkoba begani, amechoka na joto la Mtoni. Kama kila siku, akaita kabla hajafika. "Nassir."

Nikafungua mdomo wangu. Na naam ikatoka, lakini haikutoka kwangu.

Ilikuwa ndogo, imekwaruza, nusu yake imemezwa. Bi Ruzuna aliuacha mwiko ndani ya mafuta. Rahma alisimama palepale alipokuwa, akanitazama mimi, maana alidhani ni mimi. Nikatikisa kichwa. Akamtazama mwanawe, akaita tena, polepole sana.

"Nassir."

"Naam."

Akawa anaita, naye anaitikia. Rahma hakusogea, kama anayeogopa kwamba akisogea itakatika. Fundi alisimamisha cherehani. Visheti viliungua, na mtaa mzima ulivila hivyo hivyo vyeusi, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilikuwa bado mdomo wazi. Ilibidi nijikumbushe kuufunga.

Basi, wanangu, mkiulizwa neni ni nini, semeni mliyofundishwa, nayo ni kweli. Ni mtu mmoja mwenye jina, anayemwona mtoto. Mimi nitawaongezea langu. Ni mtu anayeitikia badala ya mtoto mpaka siku mtoto ataitikia mwenyewe, na siku hiyo anajua kufunga mdomo. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ngumu. Baada ya hapo Nassir hakunihitaji sana, nikakunja baibui langu nikaja kupumzika huku Kikwajuni, na nyumba ile ya Kiponda nikaililia wiki nzima. Mtalia na nyinyi. Msikubali kazi ambayo hamtaililia.

Sasa Nassir yuko skuli, na mwalimu wake analalamika kwamba hanyamazi. Kila Ijumaa baada ya sala mama yake humleta kunisalimia. Hawapandi moja kwa moja. Nassir husimama chini akaniita, "Bi Mizee," na mimi niko ghorofa ya juu. Nyinyi hamjui, lakini masikio yangu yameanza kuwa mazito. Yeye huita, nami sisikii.

Ijumaa iliyopita nilimwona Saumu akiweka ungo wa mchele chini ghafla, akaenda dirishani, akasema, "Labeka." Sauti yake akaifanya ya kizee kama yangu. Halafu akaja akanigusa bega, akanielekeza dirisha. Nikauliza tangu lini anafanya hivyo. Akasema, "Tangu zamani, Shangazi. Sikutaka mtoto aite bure."

Saumu, hilo hukulipata kwenye cheti. Leo Ijumaa tena, na umeshaitikia. Nyanyua ungo wako umalize mchele. Mimi nashuka, upande upande, mtoto ananingoja.